Kura yangu naipa bombast

Swali la wiki hii limeuliza kwanini Kiingereza kina maneno mengi hivyo ya kumsema mtu anaeongea kwa mbwembwe, na kama ukiambiwa uchague moja utachukua lipi. Mimi nachukua bombast, sisiti kabisa, kwasababu hilo neno linakuonyesha kazi yenyewe inavyofanyika.

Bombast mwanzoni haikuwa maneno, ilikuwa pamba. Pamba kweli, ile ya kushindilia ndani ya nguo. Miaka ya 1500 huko Uingereza, enzi za Malkia Elizabeth wa kwanza, wanaume wenye uwezo walikuwa wanavaa kizibao cha kubana kinaitwa doublet, na fasheni ikafika mahali kwamba tumbo la kizibao lazima litokeze mbele limejaa, sasa kama tumbo huna, fundi anakujazia, pamba, sufu, manyoya ya farasi, matambara, chochote kilichopo. Mwaka 1583 kuna bwana anaitwa Philip Stubbes alitoa kitabu cha kukemea tabia za watu wa wakati wake, na humo anasema kuna vizibao vimeshindiliwa bombast ratili nne, tano mpaka sita, yaani kama kilo 2 mpaka karibu 3 kifuani kwa mtu, hadi kuinama ni shida. Na kwa taarifa tu, hiyo bombast na pamba yetu ni ndugu, asili yao ni Kiajemi, sisi ikatufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, wao ikazungukia kwa Wagiriki, Walatini na Wafaransa ndo ikafika.

Watu wa tamthilia wakalidaka neno haraka sana, wakalitumia kwa maneno yaliyoshindiliwa mbwembwe, pamoja na jina la kitambaa kizito, fustian, nalo likawa tusi la aina hiyohiyo. Ila mfano ninaoupenda ni ule wa mwanzo kabisa wa Othello ya Shakespeare. Iago, askari aliye chini ya jemadari Othello, anasimulia kwamba wakubwa watatu wa mji walienda kwa Othello, kofia mkononi, kumuombea yeye Iago cheo cha msaidizi wa jemadari. Wakajibiwa nini? Anasema wakapigwa maneno ya bombast, yameshindiliwa misamiati ya vita juu mpaka chini, na mwisho wa yote jibu likawa nafasi nimeshampa mtu. Iago ni mwongo sawa, lakini hapo ameshika kitu, maana ukitoa pamba yote kwenye ile hotuba unakuta neno moja, hapana.

Hilo naliona kila siku na linaniumiza. Mama mkubwa wangu aliandikiwa barua na kampuni moja ya bima baada ya duka lake kuungua, kurasa mbili, rejea kifungu hiki, kwa kuzingatia mchakato wa tathmini uliowashirikisha wadau mbalimbali, sijui changamoto za kiutaratibu zilizojitokeza, akaniita nimsomee, nikasoma neno kwa neno nae kanyamaza anasikiliza, nilipomaliza akaniuliza, mwanangu, sasa wanalipa au hawalipi? Walikuwa hawalipi. Na neno hawalipi halikuwemo popote kwenye hizo kurasa mbili, ilibidi nilitoe mimi kwa mdomo wangu, mbele yake.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema haya ni mambo ya wasomi kutaniana. Ingawa utani nao ulikuwepo, mwaka 1553 Thomas Wilson kwenye kitabu chake cha ufasaha aliweka barua ya dhihaka, mtu anaomba kazi ya kanisa kwa maneno ya Kilatini yaliyogeuzwa Kiingereza, maneno ya namna hiyo walikuwa wanayaita ya inkhorn, yaani ya pembe la wino. Lakini hapa lazima niwe mkweli, humo ndani kuna celebrate, yaani kusherehekea, kuna dexterity, yaani ustadi, na leo mtoto wa sekondari anayatumia bila shida yoyote. Kwahiyo ugeni wa neno au urefu wake sio kosa, mimi nauliza neno limewekwa pale limwambie mtu kitu au limzibe macho.

Alafu angalia maneno ya baadae yalizaliwa wapi, utaona yanahama kutoka jukwaani kwenda bungeni alafu ofisini, kule kule madaraka yanakokaa. Bunkum ni ya mwaka 1820, bunge la Marekani linajadili kama Missouri iingie kwenye muungano ikiwa na utumwa au bila utumwa, maisha ya watu hayo, wabunge wanataka kupiga kura, anasimama Felix Walker wa North Carolina na hotuba yake, wenzake wanamwambia kaa, anajibu anaongea kwa ajili ya Buncombe, kaunti ya nyumbani kwake. Jina la kaunti likageuka jina la maneno matupu mpaka leo.

Gobbledygook, yaani maandishi ya ofisi yasiyoeleweka, ndo ya ofisini sasa. Mwaka 1944, vita bado inaendelea, Maury Maverick wa Texas alikuwa anaongoza shirika la serikali la kusaidia viwanda vidogo vipate tenda za vita, akachoshwa na memo ndefu, akawaandikia watumishi wake kwamba andikeni kwa kifupi, semeni mnazungumzia nini, na atakaetumia neno activation au implementation atapigwa risasi. Kwenye risasi alikuwa anatania, kwenye hayo maneno hapana. Hilo gobbledygook alilibuni mwenyewe, akaeleza kwamba pengine limemjia kutoka kwa bata mzinga wa kwao Texas wanavyobwata huku wamejivuna. Implementation kwetu ni utekelezaji, fungua barua yoyote ya ofisi uone limo mara ngapi.

Uingereza nao Wizara yao ya Fedha ilimpa Sir Ernest Gowers kazi ya kuandika mwongozo, Plain Words, uliotoka mwaka 1948, ili watumishi wa serikali waandike barua ambazo mwananchi ataelewa. Na Marekani wakafika mpaka kwenye sheria, Obama alisaini Oktoba 2010, idara za serikali kuu ziandike nyaraka za wananchi kwa lugha iliyo wazi. Nilifurahi sana niliposoma habari zake, mpaka nilipofika kwenye kifungu kinachosema huwezi kuipeleka idara mahakamani kwa kutoifuata. Yaani mwenye barua yake ya kurasa mbili mkononi bado hana pa kuipeleka.