Kikombe cha giligilani ni gramu ngapi? Jibu kwa mleta uzi

Mleta uzi, umesema resipe yako ya chatini inataka vikombe viwili vya giligilani, na wewe sokoni unauziwa kwa fungu, kwa hiyo unataka gramu. Mimi napika chakula cha shughuli hapa Kigoma, na penye migebuka ya kuchoma bakuli la chatini ndilo linaloisha kwanza. Hesabu hii naipiga kila wiki.

Namba moja ya kukupa haipo. Kikombe cha maji ni maji matupu, ila kikombe cha majani nusu yake ni hewa. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaweka kikombe cha giligilani kwenye gramu 16, na kikombe cha paseli iliyokatwakatwa kwenye gramu 60. Usidhani paseli ina uzito mara nne ya giligilani; tofauti kubwa hapo inaletwa na kisu. Jaza kikombe majani mazima bila kushindilia, yamwage kwenye kibao, yakate laini, kisha yarudishe uone yalivyoshuka. Ukibonyeza kwa mgongo wa kijiko, yanashuka tena. Ndiyo maana lazima usome resipe vizuri: "kikombe kimoja cha giligilani iliyokatwa" na "kikombe kimoja cha giligilani, ikate" ni vipimo viwili tofauti kabisa.

Halafu kikombe chenyewe. Cha Kimarekani ni kama mililita 240, nchi nyingine wanatumia 250. Hiki chetu cha chai kinaweza kuwa chochote. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, mimina: ikijaza vikombe viwili sawasawa, una kikombe cha 250.

Sasa maji, na hapa ndipo watu wanapigwa. Pale soko la Mwanga kina mama wananyunyizia mafungu maji ili jua lisiyanyaushe, na hawana kosa. Lakini ukilipeleka fungu hivyohivyo kwenye mizani, unapima maji, kamba, mizizi na udongo. Mimi nakata mizizi, naosha, nakung'uta kwa nguvu, natandaza juu ya kitambaa mpaka majani yaache kung'aa, ndipo napima. Mashina laini ya giligilani usitupe, yana ladha kuliko majani yenyewe. Ya mnanaa yaondoe, ni magumu, na uzito wake utakudanganya.

Mizani ya saa ya wauza dagaa haikufai, gramu 20 haiioni. Tafuta ile ndogo ya jikoni ya betri. Hata hiyo, gramu mbili tatu inababaisha, kwa hiyo ukitaka kujua kijiko kimoja kikubwa cha mnanaa uliokatwa kina uzito gani, pima vijiko kumi kwa pamoja, kisha gawanya. Rozmeri mbichi, kwa jedwali lile lile, kijiko kikubwa hakifiki gramu mbili. Kwa kiasi kidogo namna hiyo mimi naacha mizani, natumia kijiko.

Kwa chatini yako: vikombe viwili vya majani yaliyolegea ni kama gramu 32, na ukiyashindilia unaweza kupata mara mbili yake au zaidi. Resipe za blenda mara nyingi hukusudia yaliyoshindiliwa. Anza na gramu 60, saga na pilipili, ndimu na chumvi, onja, ongeza kidogo kidogo huku ukipima unachoongeza. Ikikukaa mdomoni, andika jumla ya gramu kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa kabati. Oda ya watu mia ikija unazidisha gramu, vikombe unaachana navyo.

Kuna aliyeuliza kuhusu majani makavu. Kawaida kijiko kimoja cha makavu kinashika nafasi ya vijiko vitatu vya mabichi, na kwa rozmeri hesabu hiyo inakubali. Giligilani kavu usihangaike nayo, harufu yote imeshakwenda.