Kuongoza okestra ukiwa Mombasa: anza na ala

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana wa miaka 23 anayeongoza kwaya huko Kisauni anaweza kuwa kiongozi wa okestra, ilhali hajawahi kupiga ala yoyote. Waweza, lakini ala huwezi kuikwepa.

Arturo Toscanini, Mwitaliano aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa okestra, alikuwa mpiga selo (ala ya nyuzi kama fidla kubwa) katika kundi la opera, yaani michezo ya kuimbwa, lililozuru Rio de Janeiro mwaka 1886. Watazamaji walipozomea mpaka waongozaji wakashindwa, alisukumwa mbele akiwa na miaka 19, akaongoza opera ya Aida bila kufungua kitabu cha nota. Watu huisimulia kama bahati. Mimi sikubali: alikuwa ameshahifadhi sehemu za wenzake wote, si ya selo peke yake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kupunga mkono ni sehemu ndogo mno.

Kwa hiyo jifunze fidla. Hapa pwani taarab imeizoea, na wapigaji wazuri wapo; mwombe mmoja akufundishe. Nota nazo usizicheleweshe. Ukipata nauli, chuo cha muziki cha Dhow Countries kiko Unguja tangu 2002, na Nairobi ipo Kenya Conservatoire of Music.

Kwaya usiiache hata kidogo! Mkono wa kulia ushike mapigo, wa kushoto uite sauti ziingie na kupunguza nguvu. Zoeza kila mkono peke yake, kisha pamoja.

Fimbo ya kuongozea usinunue sasa. Fedha hiyo weka kwenye nyuzi za fidla.