Kabla hujanunua sumaku nyingine ya kuelea hewani, jaribu kuizungusha uliyonayo

Nilianza kama wengi wanavyoanza: sumaku mbili za spika mbovu, ncha zinazofanana nikizielekeza zitazamane, nikiamini kwamba nikipata pembe nzuri, sumaku ya juu itabaki hewani. Ikapinduka, ikaing'ang'ania ya chini, tak! Nikaongeza ya tatu na ya nne, nikazipanga duara. Zikapinduka kwa hasira zaidi, na kucha yangu moja ikaumia.

Ndugu yangu, hela hiyo ningekula chipsi. Samuel Earnshaw alishathibitisha mwaka 1842 kwamba sumaku za kudumu zikitulia tuli haziwezi kuishikilia mwenzao hewani bila msaada. Ukiizuia isishuke, itatorokea pembeni.

Njia ipo kwenye mzunguko. Mmarekani Roy Harrigan alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya pia ya sumaku inayoelea mwaka 1983: inapozunguka haipinduki kirahisi, kama pia yoyote ya watoto. Kasoro yake, hewa huipunguza kasi na baada ya dakika chache iko chini.

Mimi nilivutiwa na njia ya Hamdi Ucar wa Uturuki, aliyoieleza mwaka 2021. Yeye huizungusha sumaku iliyofungwa kwenye mota, halafu nyingine inaelea jirani yake, hata kwa kuning'inia chini yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark waliichambua 2023, kwa kasi ya mizunguko kama 10,000 kwa dakika. Inayoelea hutikisika kwa mwendo uleule wa mota, na katika kutikisika huko ncha zinazofanana hutazamana, kwa hiyo husukumana. Msukumo huo ni mkali karibu lakini hufifia haraka, ilhali mvutano unafika mbali zaidi. Panapolingana, sumaku hukaa.

Sasa mvutano huo unatoka wapi? Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Sumaku ya mota ncha zake zitazame pembeni, lakini iinamishe kidogo tu, nyuzi chache za pembe; mvutano unatoka kwenye mwinamo huo. Niliipachika imenyooka kabisa kwa kujivunia ufundi wangu, na hakuna kilichoelea.

Kuhusu gundi ya kuishikiza sumaku kwenye mota nisikilize kwa makini. Mara ya kwanza nilitumia ile ya kukauka haraka. Drili, ambayo ndiyo mota yangu, ilipochanganya, sumaku ikachomoka, ikapita sikioni ikapasua kioo cha kabati. Tumia epoksi, iache siku nzima, kisha zungushia uzi na epoksi juu yake. Vaa miwani ya kazi, usimame nyuma ya ubao, na watoto watoke chumbani. Mwenye kifaa cha moyo mwilini asikaribie kabisa. Funga drili kwenye mbao, ondoa bisibisi na misumari mezani. Nilishawahi kuona bisibisi ikijiendea yenyewe.

Ile ya kuelea nilichagua ya duara, ndogo kuliko gololi. Ipandishe taratibu kwa mwiko wa mbao kuelekea ile inayozunguka juu. Utasikia mwiko ukitetemeka mkononi. Hapo usiusukume, ushushe polepole.

Yangu ilikaa. Nikapitisha karatasi katikati, ikapita bila kugusa kitu. Nikamwita mke wangu aje aone, na kabla hajafika mlangoni umeme ukakatika, sumaku ikatumbukia kwenye beseni la mchanga nililotega chini.