Alikusamehe Bila Kujua Anasamehe Nini

*Assalamu alaikum, Bi. Miaka 14 iliyopita, tukichambua mchele wa harusi Kibokoni, niliwaambia wanawake wanne kuwa nimemwona binti wa jirani akishuka kwenye gari la mwanamume usiku wa manane pale ufukweni Mama Ngina. Sikuona kitu. Kijana aliyemposa nilimtaka kwa mdogo wangu. Wiki ile ile posa ikavunjwa. Binti mpaka leo anaamini maneno yalitoka kwa binamu yake, na hawasemezani. Mamake amekufa na uchungu huo. Kabla ya Ramadhani nilimtumia ule ujumbe wa WhatsApp tunaotumiana sote, "nisamehe kwa yote niliyokukosea". Akajibu, "Nimesamehe, nawe unisamehe." Nimeshalipia Umra. Je, nimesafika?*

*Mwenye deni, Kisauni*

Waalaikumu salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye jibu lake. "Nimesamehe, nawe unisamehe." Masikini, alidhani ni salamu za mwezi. Pengine aliandika yuko jikoni, mkono mmoja una unga wa mahamri.

Hujasafika. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa pwani twamfuata katika mengi, ameitaja mas'ala hii katika kitabu chake al-Adhkar: anayeomba radhi kwa kusengenya, ni lazima ataje alichosema? Analeta kauli mbili, na anaipa nguvu ile isemayo lazima, kwa kuwa mtu huenda akasamehe neno hili asisamehe lile. Wako pia wanavyuoni wanaosema, ikiwa msengenywa hana habari, usimchokonoe; mwombee dua na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Kauli hiyo naipenda, na mara nyingi ndiyo ninayowapa wanaoniuliza. Lakini huyu ana habari. Maneno yalimfika, yakamvunjia posa. Asichokijua ni mdomo yalikotoka. Na kuna binamu, ambaye miaka 14 anabeba uovu wako. Kila siku unayonyamaza unamsingizia na yeye. Hapo ndipo nilipoiweka simu chini nikalia.

Tena lako halikuwa kusengenya, maana msengenyaji husema lililopo. Wewe ulizua. Zinaa hukuitamka, lakini kila aliyekuwa kwenye sinia lile alielewa. Surat an-Nur inamtaka mwenye kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi alete mashahidi wanne, la sivyo apigwe mijeledi 80 na ushahidi wake usikubaliwe. Aya inayofuata inawatoa waliotubia na wakatengeneza. Angalia hilo "wakatengeneza", mwanangu. Na katika madhehebu yetu toba ya msingiziaji ni ajikadhibishe, aseme kwa ulimi ule ule kwamba alilolisema ni la uongo.

Umra nenda, Mungu akutakabalie, lakini haitamlipa binti wa watu. Mtume (SAW) aliwauliza masahaba, mwajua muflisi ni nani? Akawaambia ni yule atakayekuja Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali amemtukana huyu, amemsingizia yule. Thawabu zake zigawiwe aliowadhulumu, zikiisha abebeshwe dhambi zao. Mambo haya yamalize kabla ya kupanda ndege.

Nenda kwake baada ya alasiri, siku asiyokuwa na wageni. Usibebe biriani wala leso, asije akaona unanunua radhi. Ukipenda fuatana na mtu mzima mmoja wa siri, lakini usimtume aseme kwa niaba yako. Keti, mwambie: "Maneno yale ya Mama Ngina niliyasema mimi, na yalikuwa uongo. Binamu yako hana makosa." Usiseme "kama nilikukosea". Usimtaje shetani, wala ujana. Na machozi yazuie ukiweza, maana atalazimika kukubembeleza wewe, na siku hiyo si yako.

Kisha muulize anataka nini. Wale wanne walio hai, na mamake yule kijana, wanastahili kusikia ukweli kutoka kwako, lakini huenda mwenyewe hataki jina lake lizungushwe mjini tena. Haki ni yake, fuata atakavyosema. Kuhusu marehemu mamake, mwombee maghufira na umtolee sadaka kwa siri. Kwake yeye huna mlango mwingine, na sitakudanganya kuwa uchungu huo utakutoka.

Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Bi Aisha, mkewe Mtume, alipozuliwa uzinzi, Mistah alikuwa miongoni mwa waliopokezana maneno, naye ni jamaa aliyekuwa akilishwa na Abubakar, babake Aisha. Abubakar aliapa hatampa tena kitu, mpaka ikateremka aya ya kusamehe: hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Ndipo akamrudishia. Ikiwa Abubakar alihitaji aya, usishangae huyu akihitaji miezi. Aya hiyo ni yake aisome, usiende kumsomea wewe.

Wewe umeshalifanya lako, endelea kumwombea. Rehema ya Mola ni pana, Yeye ndiye aliyesema katika Surat az-Zumar waja wake waliojidhulumu wasikate tamaa.

Ukitoka kwake, hata kama mlango umefungwa nyuma yako, usirudi Kisauni. Nenda moja kwa moja kwa yule binamu.