Kofia ya kusoma ubongo au kipandikizi?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Mdogo wangu aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda. Mikono na miguu haifanyi kazi, ila anazungumza na kugeuza shingo. Tununue kofia ya kusoma ubongo ili atumie kompyuta, au tuchangishane apelekwe nje akawekewe kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa ndani ya kichwa kusoma ubongo? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Marahaba, na poleni sana. Fedha za kipandikizi msizichange kwa sasa. Vifaa mnavyovisikia kutoka Marekani, kama vile vya kampuni za Neuralink na Synchron, bado vinawekwa katika majaribio ya kitabibu, ambako mshiriki huchaguliwa kwa vigezo vya watafiti na wala hanunui nafasi. Mtu wa kwanza wa Neuralink aliwekewa Januari 2024 kifaa chenye elektrodi 1,024, yaani vinasa umeme wa ubongo, na wiki chache baadaye baadhi ya nyuzi zinazovibeba zikachomoka kwenye ubongo, ikabidi programu irekebishwe ili aendelee kukitumia. Msivichanganye na vipandikizi vya usikivu, ambavyo Muhimbili imekuwa ikiviweka tangu 2017. Hivyo ni tiba iliyokwisha kuzoeleka.

Kofia nayo ina tatizo lake. Umeme wa ubongo ukishapita kwenye fuvu na ngozi hufika kwenye elektrodi za kofia ukiwa makumi tu ya sehemu za milioni za volti moja, ilhali kupepesa jicho au kukaza taya hutoa ishara yenye nguvu kuliko huo. Ongezeni jasho la Dar es Salaam mwezi Februari, umeme ukiwa umekatika na feni imesimama, na mstari wa ishara za ubongo kwenye skrini utayumba wenyewe.

Ninachokiona mimi ni kwamba mdogo wako ana shingo na sauti, navyo ni njia pana kuliko kofia yoyote ya dukani. Zipo programu za bure zinazotumia kamera ya kompyuta kufuata mwendo wa pua na kusogeza kishale, na kubofya kukafanyika kwa kutuliza kichwa kidogo. Anzeni na hiyo, mkisaidiwa na mtaalamu wa tiba kazi kupanga mto na urefu wa meza, maana shingo iliyokaa vibaya huchoka upesi.

Mkiitaka kofia hata hivyo, ijaribuni kabla ya kulipa. Mwambieni afumbe macho, alegeze taya na paji la uso, kisha aamrishe kwa mawazo tu. Kama kifaa kimeacha kutii, huenda mlikuwa mnauziwa kipima misuli kwa bei ya kipima ubongo.