Kabla hujamnunulia mzee dawa nje, hakikisha ameandikwa

Mama yangu alianza na presha, sukari ikafuata. Kwa miaka mingi nilikuwa Dar es Salaam, namtumia hela ya dawa kwa simu kila mwisho wa mwezi, na niliamini nimetimiza wajibu wangu. Niliporudi kuishi naye huku milimani Upareni ndipo nilipoelewa kwamba hela ile ilikuwa inamsaidia mama na wakati huohuo inawaumiza wazee wenzake. Nieleze kwa nini, maana najua mko wengi mnaofanya kama nilivyofanya mimi.

Kwenye mlango wa zahanati yetu kuna maandishi yanayowataka watu wampishe mzee ahudumiwe kwanza, na wanampisha kweli. Mama alikuwa akifika anaingia, anapimwa, anaambiwa presha imepanda. Halafu: "Mama, dawa hakuna, mwambie mwanao akununulie nje." Anarudi nyumbani, ananipigia, natuma. Baada ya muda aliacha hata kupitia zahanati. Alikuwa anampa kijana wa bodaboda hela na kopo tupu la dawa, kijana anashuka nalo hadi duka la dawa mjini.

Nilidhani dawa zinaibwa. Baadaye nilichaguliwa kuingia kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati, nikaviona vitabu kwa macho yangu, na hapakuwa na wizi. Oda inayokwenda Bohari ya Dawa, ghala la serikali linalosambaza dawa kwenye vituo, hukadiriwa kwa kuangalia dawa zilivyotumika huko nyuma. Dawa isiyowahi kukaa kwenye rafu haina matumizi, na isiyo na matumizi haiombwi. Nikafungua kitabu cha MTUHA, kile wanachoandikwa wagonjwa wanaofika. Malaria kwa watoto, kikohozi, wajawazito. Wenye presha walikuwa wachache mno, kana kwamba kijiji chetu ni cha vijana. Kumbe wazee wetu wote walikuwa wanatibiwa na hela za watoto wao walioko Dar, Arusha na Moshi, na kwa serikali walikuwa hawaumwi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mzito kuliko yote: hata kama unajua dawa hakuna, mpeleke mzee zahanati aandikwe. Apimwe, ugonjwa uandikwe kwenye kitabu, na dawa aliyoikosa nayo iandikwe. Kisha nenda ukanunue nje. Ni safari ya ziada na mzee atalalamika magoti, lakini mipango yote ya juu inajengwa kwenye kurasa zile.

Sisi tulikwenda mbele zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo wanatakiwa watibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Tukaliomba baraza la wazee la kijiji litusaidie kuwahesabu, kitongoji kwa kitongoji. Ilituchukua wiki tatu za jioni. Tuliuliza mambo manne tu: umri, ugonjwa, dawa anayomeza, na nani anamnunulia. Swali la nne ndilo lililowatoa watu machozi. Bibi mmoja alinijibu, "Mwanangu, nameza nikijisikia vibaya, nikipata nafuu naacha ili zisiishe." Presha haitibiwi hivyo. Ndivyo watu wanavyopata kiharusi, na kiharusi kikishampata mzee, gharama ya kumhudumia kitandani haina mwisho, kwa familia na kwa hospitali. Kidonge cha kila siku ni rahisi mno ukikilinganisha na hapo.

Tukapata wazee 38 wenye presha. Kidonge kimoja kwa siku ni vidonge 1,140 kwa mwezi. Hesabu ya darasa la nne, lakini hakuna aliyekuwa ameifanya.

Sasa suala la hela. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zile zinazochangwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na humo humo yanaingia malipo ya bima na yale ya papo kwa papo. Mzee anapotibiwa bure, hakuna fungu linalokuja kurudisha gharama yake. Anatibiwa kwa kilichomo. Hii ndiyo kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote katika msamaha wa malipo kwa wazee: ahadi imetolewa Dodoma, mlipaji ni zahanati yenye chumba cha dawa kimoja. Mganga mfawidhi hana ubaya. Akinunua dawa za wazee, anapunguza za watoto.

Ndiyo maana muda wa kudai ni kabla ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango ya vituo inaandaliwa miezi mingi kabla, kuanzia mwishoni mwa mwaka unaotangulia, ndipo inaingizwa kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Ukienda kulalamika Agosti utasikilizwa kwa heshima na utaambiwa hakuna fungu, na itakuwa kweli. Sisi tulipeleka orodha yetu Novemba, ikasomwa kwenye kamati, muhtasari ukaandikwa. Omba muhtasari uandikwe. Dawa za presha ziliingia kwenye mpango uliofuata, zikaja pungufu, lakini zilikuja.

Kuhusu bima, msikae mkisubiri. CHF iliyoboreshwa ya 2018, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, na bado wazee wanaoishi peke yao hawakuwa na wa kuwalipia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Ni jambo jema, ila lazima kwanza mtu atambuliwe kuwa hana uwezo, na hapo ndipo wazee wa milimani wanapotea. Mwenye nyumba ya bati na migomba yake anaonekana anajiweza, hata kama hajashika shilingi tangu Pasaka. Mwingine ana watoto watano wanaohesabiwa kwenye dodoso lakini hawapigi simu. Mfuatilieni mtendaji na afisa ustawi wa jamii mapema, na hakikisheni mzee ana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Wapo ambao alama za vidole zimefutika kwa jembe, inabidi warudie mara mbili tatu.

Binafsi naona Zanzibar walichagua njia iliyo safi zaidi. Tangu Aprili 2016 kila aliyefika miaka 70 anapata pensheni jamii, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, bila kumchunguza kama ana bati au makuti. Umri wake ndio kigezo. Huku bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo inakwenda kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wazee hawamo.

Novemba hii tunarudia kuhesabu. Kitongoji cha juu kabisa hatukukimaliza mwaka jana, mvua za vuli zilitukuta njiani, na kuna nyumba tatu kule ambazo hakuna mjumbe wa kamati aliyezifikia. Mama amesema mmoja wa wazee wale alisoma naye darasa moja. Ataniandikia jina.