Seva inalia imejaa, na GB 374 zimekaa bure

SWALI: Shikamoo Fundi. Natunza kumbukumbu katika kituo cha afya hapa Tanga. Seva yetu inaendeshwa na mfumo wa Rocky Linux, diski moja ya GB 500. Tangu Jumatatu programu ya wagonjwa haipokei majina mapya, inasema nafasi imekwisha. Nikiandika df -h naona mzizi (/), sehemu yenye mfumo wenyewe, wa GB 70 umejaa kabisa, ila /home, penye folda za watumiaji, ina GB 386 na zilizotumika ni 12 tu. Nimejaribu kuipunguza /home, ikakataa. Nifanyeje nisipoteze mafaili ya watu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa si lako. Aliyesimika mfumo aliacha diski ijigawe yenyewe, na Rocky ikiachiwa hivyo huupa mzizi GB 70 na kuimwagia /home kinachobaki. Kwa mtu anayehifadhi picha na video zake inafaa. Kwenu ni kinyume: kama mnatumia MariaDB, programu ya hifadhidata, majina ya wagonjwa wote wanakaa /var/lib/mysql, ndani ya huo mzizi.

/home imekataa kwa sababu ni XFS, aina ya mfumo wa mafaili, yaani namna diski inavyopanga mafaili yake. Andika df -hT utaliona jina. XFS ilizaliwa Silicon Graphics mwaka 1993 kwa ajili ya mashine kubwa. Inapanuka huku watu wanaendelea na kazi, lakini kuipunguza hakuna njia ya kutegemea. Itabidi uibomoe /home na kuijenga upya ikiwa ndogo.

Leo, ili mapokezi wapumue, andika journalctl --vacuum-size=200M, inayofuta kumbukumbu za zamani za mfumo, kisha dnf clean all, inayofuta vifurushi vilivyopakuliwa. Kazi yenyewe ifanye Jumamosi wagonjwa wakishaondoka, seva ikiwa kwenye UPS. Ingia kama root kwenye skrini ya seva yenyewe. Ukiingia kwa jina lako, folda yako iko /home na itagoma kushuka. Toa nakala ya hifadhidata kwa mysqldump, na ufungashe /home kwa tar, vyote viende diski ya nje. Diski hiyo isiwe FAT32, maana haibebi faili linalozidi GB 4.

Hapa nakusihi usikimbie. Mwaka 2011 nilipunguza volumu (kipande cha diski kilichotengwa) ya mteja mmoja, mama mwenye duka la uchapaji, kutoka GB 200 hadi 120. Ilikuwa ya ext4, mfumo mwingine wa mafaili ambao unakubali kupungua, ila unapunguza kwanza mfumo wa mafaili, ndipo unakata volumu. Mimi nilianza na volumu. Kazi zake za miaka mitatu zikaharibika, na nakala hatukuwa nayo. Hakunifokea. Alikaa kwenye kiti akatazama ile kompyuta, na mimi sikuwa na la kumwambia. Kwa hiyo peleka nakala zako kwenye kompyuta nyingine, fungua mafaili matano uyaone kwa macho yako, ndipo urudi.

Hakikisha kwa vgs kwamba kundi la volumu, fungu la nafasi ambamo volumu zote hukatwa, linaitwa rl, kama kawaida ya Rocky. Kisha ibomoe /home na uijenge upya:

umount /home
lvremove rl/home
lvcreate -L 40G -n home rl
mkfs.xfs /dev/rl/home
mount /home

Umount ikigoma, lsof /home itakuonyesha nani bado ameikalia. Jina likibaki lilelile huna haja ya kugusa /etc/fstab, faili linaloorodhesha sehemu za kupandishwa seva ikiwaka. Rudisha mafaili, halafu restorecon -R /home, vinginevyo SELinux, mlinzi wa mfumo, inaweza kuwazuia watumiaji. Mwisho:

lvextend -r -L +150G rl/root

Hiyo -r hukuza volumu na mfumo wa mafaili kwa pamoja, bila kuzima seva.

Zitabaki GB 196 hivi zisizo na mwenyewe. Mkubwa wako atauliza kwa nini usizigawe zote. Mwambie nafasi iliyobaki kwenye kundi unaipeleka popote kwa dakika moja siku ikihitajika, bali uliyokwisha kuipa XFS huidai tena ila kwa kubomoa, kama unavyofanya Jumamosi hii.

Diski ya nje ifungie kabatini na ufunguo ukae nao wewe, na zile nakala za majaribio zifute kwenye kompyuta ya pili. Humo mna magonjwa ya watu.